Bomba Lavuja, Mdomo Umefungwa

Ndugu Wafanyakazi,

Leo twataka kusema juu ya mafunzo ya kazini, nasi tutasema wazi, kwa kuwa jambo hili limefunikwa kwa maneno mazuri muda mrefu.

Siku hizi kila mwajiri ana maneno mawili mdomoni. La kwanza ni kutunza mazingira, ambalo wenye elimu waliita uendelevu, yaani kutumia mali ya dunia leo bila kuwaachia watoto wetu jangwa. La pili ni ustadi wa kuishi na watu: kusema vizuri, kusikiliza, kufanya kazi pamoja, kuongoza bila matusi. Maneno yote mawili ni mazuri, wala hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kwamba yanafundishwa mbali mbali, kwa watu mbali mbali, kana kwamba ni mambo mawili. Sisi twasema ni jambo moja, na mwenye kuyatenga anatupa fedha na wakati, na mwisho wake lawama humwangukia mfanyakazi.

Sikilizeni habari hii. Katika karakana moja, ambayo hatutaitaja kwa jina wala kwa mji, lilikuwako bomba la hewa ya kuendeshea vyombo. Kwenye kiungo chake karibu na mlango palikuwa na tundu dogo, nalo lilipiga mluzi usiku na mchana. Fundi alilisikia, mfagiaji alilisikia, na mlinzi alilisikia zaidi usiku, wakati mashine nyingine zimezimwa. Mwenzetu mmoja, kijana wa mkataba, alimwendea msimamizi akamwambia, "Mzee, bomba lile linavuja." Akajibiwa, "Wewe uliajiriwa kushika spana au kunifundisha kazi?" Kijana akarudi mahali pake, na tangu siku hiyo hakusema neno tena. Wala sisi wengine hatukusema, maana jibu tulikwisha kulisikia.

Miezi ikapita. Kisha likabandikwa tangazo la mafunzo ya mazingira. Tuliitwa saa ya chakula. Akaja mwalimu kijana mwenye adabu, na picha za barafu inayoyeyuka na za dubu mweupe. Akatuambia tuzime taa tutokapo chooni. Alisema kweli, na hatumlaumu. Lakini alipokuwa akisema, sisi tuliokaa nyuma tulisikia mluzi wa bomba lile kuliko sauti yake. Hakuna aliyeinua mkono. Juma lile lile mabwana wakubwa pamoja na wasimamizi walikwenda hotelini siku 2 kufundishwa namna ya kuwasikiliza watu. Walirudi na vyeti. Bomba likaendelea kupiga mluzi.

Ndugu zetu, hesabuni hasara hiyo. Hewa ya bomba haitoki mbinguni bure. Inasukumwa na mashine, na mashine yala umeme kila dakika. Wataalamu wa serikali ya Marekani wameandika kwamba hewa inayovuja kiwandani yaweza kufika asilimia 20 mpaka 30 ya hewa yote inayosukumwa na mashine. Taa ya choo ni kitu gani mbele ya hasara kama hiyo? Na dawa yake ilikuwa nini? Spana moja, kipande cha mpira, na msimamizi mmoja mwenye sikio. Spana ilikuwako. Mpira ulikuwako stoo. Kilichokosekana ni sikio.

Hapo ndipo lilipo neno letu. Mazingira ya kazini hayaharibiwi na watu wasiojua tu. Mara nyingi yanaharibiwa mahali ambapo mtu wa chini anajua na hawezi kusema, na mtu wa juu anaweza kutengeneza na hataki kusikia. Ukimfundisha wa chini habari za barafu bila kumpa ruhusa ya kusema, umemwongezea mzigo wa moyo tu. Ukimfundisha wa juu kusikiliza bila kumwonyesha ni kitu gani cha kusikiliza, umempa cheti cha kutundika ukutani.

Tazameni mambo mengine ya kila siku.

Kwanza, mafuta machafu. Fundi anabadilisha mafuta ya injini, na pipa la kuyatia limejaa tangu juzi. Afanye nini? Akienda kwa msimamizi ataambiwa asilete maneno. Akiacha kazi ataandikiwa barua. Basi anangoja giza, anayamwaga mtaroni. Wakuu wa mazingira wa Marekani wanaonya kwamba galoni moja ya mafuta yaliyotumika yaweza kuharibu maji safi galoni milioni moja. Na mtaro una mwisho wake. Mitaro mingi ya sehemu ya viwanda ya Nairobi huingia Mto Ngong, na Mto Ngong huingia Mto Nairobi, na Mto Nairobi huingia Athi, na Athi hugeuka kuitwa Galana na kisha Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Mwenye kumwaga Nairobi anamtilia sumu mkulima wa bondeni na mvuvi wa pwani, watu ambao hajawaona na ambao hawajamkosea. Hatumtetei. Ni kosa. Lakini twauliza, je, dawa yake ni picha ukutani? Au ni kumfundisha fundi kusema, "Pipa limejaa, siwezi kuendelea," na kumfundisha msimamizi kujibu, "Umefanya vema, ngoja nilete jingine"? Maneno hayo mawili mafupi yanaokoa mto.

Pili, kupokezana zamu. Twawajua mafundi wawili waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya ugomvi wa zamani. Mmoja alitoka mchana akijua kwamba koki ya tangi haishiki vizuri. Hakumwambia mwenzake wa usiku. Kulipokucha mafuta yalikuwa yameenea sakafuni, na maranda magunia matatu hayakutosha kuyanyonya. Wa usiku alikatwa mshahara. Bwana Mkubwa akasema, "Hawa watu hawajali mazingira." Si kweli! Walijali. Walichokosa ni njia ya kuzungumza kazi hata kama moyo una uchungu. Jambo hilo hufundishika, kama vile kusoma geji kunavyofundishika. Lakini mwalimu wa mazingira atasema si kazi yake, na mwalimu wa maongezi hajapata kuiona koki maishani mwake.

Tatu, injini inayonguruma bure. Injini kubwa ya dizeli ikisimama kwenye njia ya pembeni huku inanguruma hunywa lita 10 na zaidi kila saa. Dereva anajua. Angependa kuizima. Lakini hajui atangoja dakika 10 au saa 3, kwa sababu anayemwongoza kwa simu hamwambii, na yeye akiuliza mara mbili huonekana mkaidi. Mafuta yale yanachomwa na nini? Twasema yanachomwa na kimya kati ya watu wawili.

Kwa hiyo tusidanganyane. Moshi, mafuta, maji na takataka huanzia katika maneno yaliyosemwa vibaya au yasiyosemwa kabisa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba huwezi kuziba ufa ambao aliyeuona amekatazwa kuutaja.

Na sasa tugeukie upande wa pili, tusije tukaonekana kwamba twasifu mafunzo ya maongezi kuliko yanavyostahili. Wako walimu wanaokuja kutufundisha kutabasamu. Wanatuambia tuwe na moyo wa furaha, tusilalamike, tumpe mteja mkono kwa uchangamfu, tuseme "changamoto" mahali pa kusema "shida". Mafunzo ya namna hiyo twayakataa. Yametungwa ili mfanyakazi anyamaze kwa adabu. Bomba linavuja, nasi tuambiwe tulitazame kwa furaha! Adabu ya kweli kazini ni kuweza kumwambia mkubwa habari mbaya bila kumtukana, na mkubwa kuweza kuipokea bila kukasirika. Tena adabu hiyo haipimwi hotelini kwenye viti vya kitambaa. Inapimwa mbele ya pipa lililojaa. Ndiyo sababu twasema mafunzo ya kuishi na watu yasipokuwa na kitu halisi mezani, kama mafuta, maji au umeme, ni mchezo wa kuigiza.

Labda mtu atasema twakuza jambo dogo. Basi akumbuke habari ya Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa. Mwaka 2009 dada mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu karibu na kijiji hicho. Kazi yake ilikuwa ya maelewano kati ya kiwanda na watu. Taarifa ya wataalamu ilionyesha kwamba kiwanda kina hatari kwa majirani. Alisema, hakusikilizwa. Mtoto wake mwenyewe aliugua, na ikaonekana ana madini ya risasi katika damu. Alitoka, akawakusanya wenyeji, akatishwa, akakamatwa, asinyamaze. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikapanda kwenye rufaa. Hebu fikirini, ndugu. Yote hayo, wagonjwa, makaburi, miaka ya mahakamani, yangaliepukwa kama mkubwa mmoja angalisikiliza neno la mfanyakazi wake mwanzoni. Hasara ya kutosikia haina kipimo.

Twajua majibu ya waajiri, maana tumeyasikia.

Watasema hakuna fedha. Sheria ya mafunzo ya kazi inamtoza mwajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Mahali penye watu 400, hiyo ni shilingi 240,000 kwa mwaka, na mwajiri anayefundisha kwa utaratibu uliokubaliwa anaruhusiwa kudai arudishiwe gharama. Tena fedha zinazokwenda kwa hoteli mbili na walimu wawili zingetosha kwa funzo moja lililo bora. Twaomba fedha zilizopo zitumike kwa akili, basi.

Watasema wafanyakazi wa kawaida hawataelewa. Neno hili hutuumiza. Wengi wetu tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la saba au la nane, tukakaa chini ya mwalimu mmoja na ubao mmoja, na tukaelewa hesabu na Maandiko. Mfagiaji anajua takataka gani inatoka wapi kuliko meneja yeyote. Mwenye kunyosha njia anajua ni daraja gani maji hupita juu yake siku hizi na zamani hayakupita. Tutaelewa, mradi tufundishwe kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza cha vitabuni.

Na watasema mazingira ni kazi ya ofisi fulani yenye meza na mlango. Hapana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na ya afya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama mahali popote penye wafanyakazi 20 au zaidi, na ndani yake wawemo wawakilishi wa wafanyakazi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inamkataza mwajiri kumwadhibu kwa kulalamika juu ya usalama. Kwa hiyo kusema ni wajibu wetu kisheria. Iweje basi wajibu ulioandikwa na Bunge ufundishwe kama zawadi ya Bwana Mkubwa?

Sasa neno kwetu wenyewe, maana si haki kumtazama mwajiri peke yake. Miongoni mwetu wako wanaomwaga mafuta usiku hata pipa likiwa tupu, kwa uvivu tu. Wako mafundi wa zamani wanaomfanyia kijana wa mkataba vile vile wanavyofanyiwa na msimamizi, wakimwambia, "Nyamaza, umekuja jana." Wako wawakilishi wetu wanaosema mazingira ni mambo ya watalii na twiga, Chama kishughulike na mshahara tu. Tunawaambia ndugu hao kwa upole kwamba anayevuta mvuke wa mafuta saa 8 kila siku ni mwanachama. Mapafu yake ni mali yake ya kwanza, kabla ya mshahara. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka mahali pa kazi palipo salama na penye afya kuwa moja ya haki za msingi za kazi, pamoja na haki ya kuunda chama. Haki hizo mbili sasa zimekaa benchi moja.

Liko pia jambo moja linalotutia hofu, na tusilifiche. Mtu anauliza, "Nikimwonyesha mkubwa namna ya kuokoa mafuta na umeme, je, hatasema kesho kwamba watu nao wamezidi?" Ni swali la haki. Injini za dizeli zilipoanza kuchukua mahali pa injini za mvuke katika miaka ya 1960, kazi ya mchochea moto ilianza kufa. Mashine ilikuwa safi zaidi, lakini mtu aliyejua kuchochea moto alijikuta ujuzi wake hautakiwi. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 juu ya hali ya hewa unataja katika utangulizi wake kwamba mabadiliko yawe ya haki kwa wafanyakazi na kwamba kazi za heshima zipatikane. Hatutaki maneno hayo yabaki Paris. Twataka yaandikwe katika mapatano yetu ya pamoja, kwamba fedha iliyookolewa na macho ya wafanyakazi haitatumika kuwafukuza wafanyakazi hao.

Kwa hiyo twadai mambo haya:

1. Mafunzo ya mazingira na mafunzo ya kuishi na watu yawe funzo moja, yafanyike pale pale kazini, na kila somo lianze na kasoro moja halisi ya mahali hapo: bomba hili, pipa hili, mtaro huu.

2. Wakae pamoja msimamizi, fundi, mfagiaji na kijana wa mkataba. Mtu hawezi kujifunza kumsikiliza mwenzake ambaye hayumo chumbani.

3. Yafanyike saa za kazi, kwa mshahara, si saa ya chakula wala Jumamosi jioni. Na yawe kwa Kiswahili.

4. Kiwekwe kitabu cha taarifa mahali kila mtu anapoweza kukifikia. Aliyeona aandike, au aandikiwe kama hawezi. Mkubwa aandike jibu na tarehe. Kitabu kisomwe mbele ya watu wote kila mwezi.

5. Chama kiwe na sauti katika kuchagua walimu na masomo, na mtu yeyote aliyeripoti kwa nia njema alindwe.

6. Sehemu ya fedha inayookolewa irudi kwa wafanyakazi, kwa vifaa vya kinga, maji safi ya kunywa na mafunzo zaidi, wala asipunguzwe mtu kwa sababu hiyo.

Je, madai haya ni makubwa mno? Hayapiti bei ya hewa inayotoka kwenye tundu lile mwaka mzima.

Mtauliza bomba liliishaje. Kijana wa mkataba alimaliza muda wake akaenda zake. Baadaye alikuja msimamizi mgeni, mtu mkimya. Siku ya tatu alisimama mlangoni akauliza, "Sauti hiyo ni ya nini?" Tukatazamana. Mmoja wetu akasema, "Ni bomba, Mzee. Linavuja tangu zamani." Akauliza, "Na kwa nini hamkusema?" Hatukuwa na jibu la kumpa, maana mwenye jibu alikuwa amekwisha ondoka. Kufikia saa sita bomba lilikuwa limenyamaza, na kwa mara ya kwanza tulisikiana bila kupaza sauti.

Ndugu, hatupendi kungoja msimamizi mwema aje kwa bahati. Juma hili kila kikundi kitazame mahali pake, kichague kasoro moja inayopoteza mafuta, maji au umeme, kiiandike kwa mkono, kimpe mwakilishi wa Chama nakala, na nakala nyingine kimpe msimamizi kwa adabu na kwa uwazi. Na mzee wa kazi amwulize kijana aliye karibu naye, "Wewe umeona nini?" kisha anyamaze amsikilize. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wafanyakazi wenzenu wa karakana.